Droni ya Kuunganisha Mezani: Ushauri kwa Wasomaji wa Banissa na Jirani Zake

Wanaouliza kutoka Banissa, Takaba na Rhamu kuhusu modeli za droni za kijeshi huuliza mambo manne, tena kwa mfuatano ule ule. Nianze na droni ipi? Mbona ndege yangu inakalia mkia? Mbona mabawa yamepinda hata kabla sijapaka rangi? Na askari akifungua boksi langu kwenye kizuizi cha barabarani, nimwambie nini?

Nitayajibu yote. Maelekezo yanayokuja ndani ya boksi yameandikwa kwa mtu anayekaa kwenye chumba cha baridi, mwenye maji ya mfereji na duka la rangi mtaa wa pili. Mkazi wa Kaunti ya Mandera akiyafuata neno kwa neno ataharibu modeli nzuri, kisha ajilaumu bure. Kazi hii inawezekana kabisa hapo mlipo, ila inataka saa zake, maji yake na tahadhari zake.

Jambo moja zaidi kabla hatujaanza. Ndege isiyo na rubani ina vipande vichache: haina chumba cha rubani, haina kiti, haina kioo. Ndiyo maana wanaoanza huikimbilia. Lakini vipande vikiwa vichache, kila kosa huonekana. Bawa refu jembamba likipinda kidogo tu, hakuna kitu kingine cha kuvuta jicho la mtazamaji pembeni. Nenda polepole.

Hii si droni ya kurusha

Modeli ninayoizungumzia ni ya plastiki, haina mota, betri wala kamera. Ikiandikwa 1/72, maana yake kila sentimita 72 za ndege halisi zimefanywa sentimita moja. Inakaa mezani, basi.

Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Hizo zinahusu kinachoruka. Modeli ya mezani hairuki, kwa hiyo haihitaji kibali cha KCAA. Ila asitokee fundi akakushawishi uifunge mota ili "ipae kidogo tu uwanjani". Ikipaa, imeshaingia katika kanuni hizo, nawe unakaa karibu na mpaka wa Ethiopia, ambako kitu chochote kidogo kinachovuma angani huwashtua watu na askari kwa pamoja. Kwa kurusha, jibu langu ni hapana.

Ndege ipi ya kuanza nayo

Chagua ile yenye historia inayokuhusu. Droni za kijeshi zimepita katika ukanda wetu huu kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na mtu anayejua anachokiunda huunda vizuri zaidi. Vipimo hivi vitakusaidia kupanga nafasi:

- MQ-9 Reaper ya Marekani. Mabawa yake ni mita 20 kutoka ncha hadi ncha. Kwa 1/72 ni kama sentimita 28, kwa 1/48 ni kama sentimita 42. Ilirushwa kutoka Shelisheli mwaka 2009, kisha Arba Minch kusini mwa Ethiopia, na Djibouti, ambako mwaka 2013 droni zilihamishwa kutoka Camp Lemonnier kwenda uwanja wa Chabelley.
- MQ-1 Predator, mtangulizi wa Reaper. Ni ndogo zaidi, na mabawa yake ni membamba mno. Mkia wake umeelekea chini kama herufi V iliyopinduliwa, ukakaribia ardhi.
- Bayraktar TB2 ya Uturuki. Mabawa ni mita 12, yaani karibu sentimita 17 kwa 1/72 au 25 kwa 1/48. Ethiopia iliitumia katika vita vya Tigray, na Somalia nayo inayo.
- ScanEagle, ambayo jeshi la Kenya limepewa na Marekani. Mabawa ni mita 3.1 tu. Kwa 1/72 ingekuwa sentimita nne, ndogo kuliko kidole. Hii nitaizungumzia mwishoni kwa sababu ina njia yake.
- Falco ya Italia, ambayo Umoja wa Mataifa uliirusha kutoka Goma kuanzia Desemba 2013. Ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa walinda amani wa Umoja huo kuwa na droni zao za upelelezi.
- RQ-4 Global Hawk. Kwa 1/72 aina ya baadaye inapita sentimita 55. Usiiguse kwa sasa. Haitafika Banissa ikiwa nzima, na ikifika hutakuwa na pa kuiweka.

Ukiniuliza mimi, anza na Reaper ya 1/72. Mabawa yake si membamba kama ya Predator, na pua yake ni pana, ina nafasi ya kuwekea uzito. Ukiwa na fedha zaidi na mkono wako umeshazoea kisu, Skunkmodels walitoa Reaper ya 1/48, na kwa ukubwa huo utafurahia kila mstari. Predator ya Italeri ya 1/72 ni nzuri kama modeli ya pili, si ya kwanza.

Kuagiza na kusafirisha

Seti nyingi huagizwa nje ya nchi, na gharama ya kusafirisha mara nyingi hukaribia au kupita bei ya seti yenyewe. Kwa hiyo agizeni wawili watatu pamoja, zije kwa mzigo mmoja hadi Nairobi, kisha zipande basi. Ukipitia Moyale, lami inakufikisha hapo. Kutoka Moyale kuelekea Takaba na Banissa ni vumbi na mashimo. Mwambie anayekutumia mambo haya:

- Boksi liwekwe ndani ya katoni kubwa zaidi, na magazeti yaliyokunjwakunjwa yajazwe pande zote.
- Lisipande juu ya paa la basi, wala lisikae mbele kwenye dashibodi. Plastiki ya modeli haiyeyuki kwa jua la dashibodi, lakini hulainika kiasi cha mabawa kupinda yakiwa bado kwenye fremu inayoshikilia vipande.
- Juu ya katoni iandikwe kwa Kiswahili: "Modeli ya plastiki ya kuunganisha. Haina betri."

Likifika, fungua siku hiyo hiyo, hesabu fremu kwa kulinganisha na karatasi ya maelekezo, na piga picha karatasi nzima. Ikipeperushwa au mtoto akiichana, picha itakuokoa.

Kwenye kizuizi cha barabarani

Mnamo Novemba 22, 2014, watu 28 waliuawa baada ya kutekwa ndani ya basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi. Desemba 2015 basi jingine likashambuliwa karibu na El Wak. Askari anayefungua mzigo wako anafanya kazi akiyakumbuka hayo, na picha ya droni yenye makombora juu ya boksi haitampa raha. Msaidie aelewe haraka.

- Safiri na boksi la asili, lenye picha na kipimo chake, pamoja na risiti. Vipande vilivyofungwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki huzua maswali.
- Ukiulizwa, sema moja kwa moja: "Ni modeli ya plastiki ya kuunganisha kwa gundi, hairuki." Fungua mwenyewe, onyesha fremu. Usicheke wala usilete mzaha wa vita.
- Visu na gundi viwe kwenye mzigo, si mfukoni.
- Usibebe maganda ya risasi, hata yale aliyoyaokota mtoto machungani. Kuna watu huyapenda kwa uzito wake ndani ya pua ya ndege, au kwa kupamba kibao. Acha kabisa. Yeye atakayekukuta nayo hana njia ya kujua nia yako.
- Usipige picha kambi, magari ya jeshi wala uwanja wa ndege ili upate mfano wa rangi. Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa ipo na inatumika. Picha za kutosha zimechapishwa na majeshi yenyewe.

Ukifika nyumbani, mwonyeshe chifu au mwalimu mkuu unachokifanya. Kwa mwenye chama cha modeli cha wanafunzi, hili nalihesabu kuwa sharti. Habari ya "kijana anayeunda droni" ikitangulia kufika kwa wakubwa kabla yako, utapoteza siku nyingi kuisahihisha.

Vifaa, na kinachopatikana badala yake

Usinunue kila kitu kinachotajwa kwenye matangazo. Hivi vinatosha:

- Kikata kucha kikubwa, badala ya koleo la modeli. Kata mbali kidogo na kipande, kisha malizia kwa kisu.
- Kisu chenye wembe wa kubadilisha. Wembe butu ndio unaokata vidole, kwa sababu unausukuma kwa nguvu.
- Msasa wa maji wa namba 400, 800 na 1000. Duka la vifaa vya magari huwa nao.
- Tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Tepu ya seloteipu huacha gundi na kung'oa rangi.
- Vijiti vya meno, pini za nguo, na raba za kufungia noti kwa kushikilia vipande.
- Brashi mbili nzuri, moja bapa na moja nyembamba. Hapa usibane fedha. Brashi inayoacha nywele itakutesa kila siku.
- Katoni kubwa iliyowekwa kwa ubavu, upande wa wazi ukikuelekea. Ndani ya katoni hiyo ndimo utakamofanyia kazi, vumbi lisiufikie mkono wako.

Pangeni kazi kwa joto, si kwa nafasi

Mwenye kufanya kazi saa nane mchana chini ya bati amejichagulia shida. Gundi hukauka kwenye ncha ya kijiti kabla haijagusa plastiki. Rangi huanza kuwa ngozi kwenye kifuniko. Jasho hudondoka juu ya kipande ulichokwisha kusafisha.

Saa nzuri ni baada ya swala ya alfajiri hadi kama saa mbili asubuhi. Upepo umetulia, vumbi limelala, plastiki ni baridi. Rangi yote ipakwe saa hizo. Jioni baada ya magharibi fanya kazi za taa: kukata, kupiga msasa, kusoma maelekezo. Mchana, funga katoni na uiweke chini sakafuni, upande wa chumba usiopigwa na jua. Usiiweke juu ya kabati. Karibu na bati ndipo joto lilipo.

Kwenye makopo ya rangi andika tarehe uliyoyafungua, na uyafunge kwa nailoni chini ya kifuniko. Kwa hali ya hewa yenu, rangi iliyoachwa wazi wakati wa kunywa chai tayari ni nene.

Ndege inakalia mkia

Hili ndilo kosa ninaloulizwa kuliko yote, na chanzo chake ni umbo. Reaper, Predator na TB2 zote zina injini na propela nyuma. Katika ndege halisi, pua imejaa mitambo na kamera nzito. Katika modeli, pua ni tupu. Ukiisimamisha juu ya magurudumu, mkia unashuka na pua inatazama mawinguni.

Fanya hivi kabla hujafunga kiwiliwili:

1. Shikilia nusu mbili za kiwiliwili kwa tepu, bila gundi. Bandika mabawa, mkia na propela kwa tepu vilevile.
2. Weka kijiti cha meno chini ya mahali magurudumu makubwa ya nyuma yatakapokaa, ukipitishe kutoka upande mmoja hadi mwingine.
3. Ongeza uzito juu ya pua kidogo kidogo mpaka ndege iangukie mbele. Kisha ongeza kidogo tena, kwa sababu rangi na gundi za mkiani zitakuja na uzito wao.
4. Sasa uhamishe uzito huo ndani ya pua, mbele kabisa, na uufunge imara.

Uzito unapatikana wapi? Nenda kwa fundi wa matairi umwombe vile vipande vidogo vya kusawazishia magurudumu. Nati ndogo za chuma pia zinafaa. Kama ni vya madini ya risasi, nawa mikono baada ya kuvishika, na watoto wasivicheze.

Onyo la muhimu: usifunge madini ya risasi kwa gundi nyeupe ya mbao. Ndani ya nafasi iliyofungwa viwili hivyo huathiriana, madini yanavimba, na baada ya miezi pua hupasuka kwenye mshono. Tumia gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ile aina ya Araldite, au funga nati za chuma tu.

Na kama umeshaifunga? Droni nyingi zina tufe la kamera chini ya pua. Usiligundishe bado. Panua tundu lake taratibu, ingiza vipande vidogo kimoja kimoja, kisha uzibe kwa tufe lenyewe. Ikishindikana kabisa, itengenezee stendi ya waya, ikae kama iko angani, magurudumu yamekunjwa kama ni aina inayoyakunja. Hiyo si aibu. Wengi huipenda hivyo.

Mabawa yaliyopinda

Ukifungua boksi ukakuta bawa limepinda, usilikunje kwa vidole likiwa kavu. Litapasuka ndani bila wewe kuona.

- Chemsha maji, yaache yapoe dakika kadhaa. Maji yanayotokota hulegeza bawa mara moja na kulifanya baya zaidi.
- Zamisha bawa kwa sekunde chache, litoe, linyooshe juu ya kioo au kigae, ulishikilie mpaka lipoe.
- Rudia mara nyingi kwa upole badala ya mara moja kwa nguvu.

Kwa modeli ya 1/48 ambayo bawa lake lina nusu mbili, ingiza ndani waya mnyoofu wa chuma. Spoki ya baiskeli iliyokatwa ni nzuri kama unene wa bawa unairuhusu. Hakuna kinga bora kuliko hiyo dhidi ya joto la mchana. Kwa 1/72, bawa mara nyingi ni kipande kimoja, kwa hiyo kinga yake ni mahali unapoihifadhi tu.

Wakati wa kubandika, simama mbele ya ndege uitazame kwa usawa wa macho. Ncha mbili za mabawa ziwe na kimo kimoja kutoka mezani. Pima kwa rula. Weka vitabu chini ya kila ncha na uache usiku mzima.

Gundi: kidogo, tena kidogo

Gundi ya modeli huyeyusha plastiki na kuiunganisha. Tone moja likipita kwenye mshono linatosha; matone matano yatalainisha bawa lote. Gundi ya papo hapo ya dukani nayo inafaa kwa vipande vidogo, lakini moshi wake huacha ukungu mweupe kwenye sehemu zinazopitisha mwanga, hasa lenzi ya kamera. Lenzi ibandikwe mwisho, kwa gundi nyeupe ya mbao.

Wazazi na walimu nawaomba hili kwa moyo wote: hesabuni gundi na thina. Zinunuliwe chache, zifungiwe kwa kufuli, zitolewe na mtu mzima, zirudishwe kwake. Fanyeni kazi dirisha likiwa wazi. Mnajua miji yetu imepoteza watoto wangapi kwa kunusa gundi. Chama cha modeli kisiwe mlango wa hayo.

Rangi

Vipande vioshwe kwanza. Kiwandani kalibu hupakwa mafuta ili vitoke kirahisi, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kikombe kimoja cha maji na tone la sabuni vinatosha fremu zote. Maji hayo hayo yanaweza kwenda kwenye mche.

Kuhusu aina za rangi:

- Rangi za maji za modeli ndizo salama zaidi kwa nyumba yenye watoto. Kwa joto lenu hukauka upesi mno, kwa hiyo tone dogo la gliserini kutoka duka la dawa litazichelewesha.
- Rangi za mafuta huachwa siku mbili kabla ya koti la pili. Brashi husafishwa kwa tapentaini.
- Rangi ya maji ya shuleni haishiki kwenye plastiki. Itatoka kwa kidole.
- Rangi ya kopo la kupuliza kutoka duka la vifaa vya ujenzi inaweza kula plastiki. Ijaribu kwanza kwenye fremu tupu, na usubiri siku nzima.
- Thina ya kupakia magari isikaribie modeli hata kidogo. Inayeyusha.

Mkipuliza, fanyeni alfajiri, kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20. Mkiwa mbali zaidi kwenye joto, rangi hukauka hewani na kutua kama mchanga. Ikitokea, subirini ikauke kabisa, pigeni msasa wa 1000 wenye unyevu, mpake tena.

Reaper na Predator ni kijivu kisichong'aa, na TB2 ni kijivu hafifu. Falco ya Goma ilikuwa nyeupe yenye herufi UN. Kijivu kichanganyeni kwa kuanzia na nyeupe, mkiongeza nyeusi kwa ncha ya kijiti; ukianza na nyeusi utamaliza kopo zima la nyeupe ukiifukuzia. Kifanyeni hafifu kidogo kuliko picha, kwa sababu kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ile ile. Pimeni rangi kivulini, nje ya nyumba. Jua kali hudanganya, na taa ya sola hudanganya zaidi.

Na tafadhali msizichafue kupita kiasi. Kuna mtindo wa kupaka madoa meusi kila mshono. Droni huoshwa na kutunzwa. Vumbi kidogo kwenye magurudumu linatosha. Chekecheni udongo wa kwenu kwa kitambaa, mchukue ule unga laini kabisa.

Stika na maji ya kisima

Stika hulowekwa kwenye maji, zikateleza kutoka kwenye karatasi yake hadi juu ya ndege. Maji ya kisima yenye chumvi yakikauka huacha pete nyeupe ambazo hazifichiki. Kuyachemsha hakuondoi chumvi. Tumia kijiko kimoja cha maji ya mvua yaliyohifadhiwa, au ya chupa. Kijiko kimoja kweli, hatuchezei maji.

Chini ya stika kuwe na rangi inayong'aa kidogo, la sivyo hewa hunaswa na stika huonekana kama karatasi iliyobandikwa. Ikishakauka, koti jembamba lisilong'aa lifunike yote.

Wasiwasi mnaoniletea

*"Si sanamu hii?"* Wengi wenu mmeuliza kwa dhati, nami najibu kwa dhati. Mnavyofundishwa na wanazuoni wengi, katazo linahusu viumbe vyenye roho. Hii ni mashine, na kwa kuwa haina rubani, hata kile kidoli cha mtu kinachokuja na ndege nyingine hakimo. Mwenye shaka bado amwulize sheikh wake, na afuate atakachoambiwa.

*"Hatusifu mauaji?"* Hili linanigusa zaidi. Januari 2022 shambulizi la droni kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani ya Dedebit, Tigray, liliua makumi ya watu. Somalia nako kuna familia zilizozika raia. Mtu wa Banissa ana jamaa pande zote za mipaka hii. Ndiyo maana nashauri kila modeli iwe na kibao chake: jina la ndege, nchi, ilitumika wapi, na ilifanya nini, mema na mabaya. Ukitaka kuiacha bila makombora, iache. ScanEagle na Falco ni za upelelezi. Uamuzi ni wako, lakini usiiunde bila kujua.

*"Na wazee?"* Kama nyumbani kuna ayeyo (bibi) au mgeni aliyekimbia vita, usiitundike darini juu ya kichwa chake. Iweke chumbani kwako. Ukialikwa kuionyesha shuleni, mwambie mwalimu mapema, kwani darasani huenda kuna mtoto aliyeisikia ile halisi.

Seti isipofika: ScanEagle ya katoni

Kwa shule hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. ScanEagle haina magurudumu: hurushwa kwa mtambo wa kuisukuma kwa hewa na hunaswa kwa kamba inayoning'inia. Haina mkia wa nyuma, na mabawa yake yamelala nyuma yakiwa na vipande vilivyosimama nchani. Ilizaliwa kutokana na mradi wa kutafuta jodari kwa ajili ya meli za uvuvi. Kwa hiyo hakuna shida ya kukalia mkia, na hakuna miguu ya kuvunjika.

Kanuni ya vipimo ni moja: chukua kipimo halisi kwa sentimita, gawa kwa namba ya kipimo. Kwa 1/12:

- mabawa: 311 ÷ 12, karibu sentimita 26;
- urefu: mita 1.6 hivi, yaani 160 ÷ 12, karibu sentimita 13.

Kisha:

1. Chora umbo kwa juu na kwa ubavu kwenye karatasi ya miraba.
2. Kiwiliwili kikunjwe kwa karatasi ngumu kuzunguka kalamu nene, tabaka tano au sita, kila moja na gundi nyeupe.
3. Mabawa yawe katoni mbili zilizobanwa pamoja, kijiti cha mishikaki kikipita katikati. Mistari ya ndani ya katoni ifuate urefu wa bawa. Ikikata upana, bawa hukunjika.
4. Tufe la kamera ni shanga. Propela ni kipande cha chupa ya plastiki.
5. Paka gundi nyeupe iliyoongezwa maji juu ya yote kabla ya rangi, ili katoni isinywe rangi.

TB2 nayo inawezekana kwa 1/24: mabawa sentimita 50, urefu sentimita 27. Hiyo ni kazi ya kundi la wanafunzi wanne, na mihimili miwili ya mkia itengenezwe kwa mirija migumu ya kalamu za bei nafuu.

Ikivunjika safarini

Propela ndiyo huvunjika kwanza, kisha miguu. Kwa safari ya maonyesho hadi Mandera au Wajir, propela ibaki bila gundi, ikiwa imeingizwa tu kwenye tundu lake, na isafiri peke yake ndani ya kiberiti. Mguu uliokatika usiunganishwe ncha kwa ncha. Toboa pande zote mbili kwa sindano iliyopashwa moto, pitisha kipande cha waya mwembamba, ndipo utie gundi. Ndege yenyewe ifungwe kwa kitambaa laini, si pamba, kwa sababu pamba hunasa kwenye antena na kuzing'oa. Katoni ikae mapajani mwako, na dirisha la upande wa jua lifunikwe.